Vitabu Saba vya Ziada na Ng'ombe wa Kimulot

Nyinyi mnaonipigia simu tangu Jumapili mkitaka kujua kama ni kweli nilienda kudai ng'ombe siku mbili kabla ya koito ya binamu yangu, jibu fupi ni hapana. Jibu refu ni hili hapa. Nimeliandika ili nisilirudie kwa kila mtu, maana kila nikilirudia ng'ombe wanaongezeka.

Nairobi hadi Kericho

Chelang'at ndiye aliyeniita. Ni binti wa mjomba wangu, Joel arap Sigei wa Kimulot, na anafundisha shule ya msingi karibu na Kapsoit. Huko alikutana na mwalimu mwenzake, Dennis Ombati, ambaye wazazi wake walitoka Kisii zamani kuja kuchuma chai na hawakurudi tena. Koito, ile siku familia mbili zinapokaa chini kukubaliana juu ya ndoa, ilikuwa Jumamosi. Mbuzi walikuwa tayari na sufuria za kanisa zilikuwa zimeazimwa.

Kisha wazazi wa Dennis, ambao ni Wakatoliki, wakampelekea mjomba zawadi ya Biblia kubwa yenye jalada la ngozi. Mjomba ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti tangu kabla sijaota ndevu. Akaifungua penye orodha ya vitabu, akahesabu kwa kidole. Sabini na vitatu. Akaleta ya kwake, akahesabu. Sitini na sita. Akavua miwani, akaipangusa, akahesabu tena zote mbili.

"Amesema koito hakuna mpaka aambiwe hiyo saba ilitoka wapi," Chelang'at aliniambia kwenye simu. "Na si hiyo tu. Ameacha kusoma hata ile yake. Anasema kama watu waliweza kuongeza saba, atajuaje hawakuongeza hiyo ingine yote?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Si wewe ulisomea hiyo maneno chuo kikuu?"

Ni kweli, nilisomea dini na falsafa. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa dharura kwa ajili ya masomo hayo. Daktari huitwa, hata fundi wa choo huitwa. Nilisimama wima nikiwa na simu sikioni kama askari aliyesikia jina lake.

"Mimi siolewi bila baba kuniombea," akasema. "Na Dennis siachi. Kwa hivyo kuja."

Nilipakia gari siku ya Jumatano: Biblia ya Kiswahili, Biblia ya Kipsigis, vitabu vinne vya kitaalamu vyenye vumbi la heshima, na koti jeusi. Lile koti lilikuwa kosa. Mwanamume wa makamo mwenye kitambi, koti jeusi na Biblia mbili kwenye kiti cha nyuma hawezi kupita Bonde la Ufa akiwa mtu wa kawaida.

Baada ya Londiani gari lilianza kutoa mvuke, na likaingia mjini Kericho likipumua kama mgonjwa. Fundi mmoja alilifungua, akalishughulikia kwa muda mrefu huku mvua ya mawe ikitupiga, kisha akafunga boneti, akavua kofia, akasimama.

"Unangoja nini?" nikamwuliza.

"Uombe, pasta."

"Mimi si pasta."

"Sawa, pasta. Lakini radieta nimefanya sehemu yangu. Hii ingine imebaki si ya spana."

Niliomba. Gari likawaka. Nyinyi marafiki zangu msioamini chochote, mniambie nilipaswa kumjibu nini.

Kericho hadi Kapsoit

Kwa Ombati nilikuta meza imejaa: ugali wa wimbi, mboga chungu za chinsaga, ndizi za kupika na nyama. Mama Dennis alinisukumia sahani kwa nguvu za mtu mwenye malalamiko.

"Ati tuliongeza! Mimi? Nimebatizwa nikiwa mtoto mchanga, na mpaka leo sijui hiyo saba iko ukurasa gani!"

Akaniletea ile Biblia. Kutoka kwa mjomba ilikuwa imerudishwa kwa adabu zote, imefungwa kwa kitambaa safi, na pamoja nayo kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa ambayo kwetu hupewa mgeni wa maana.

"Sasa nielezee," akasema Mama Dennis. "Biblia wamekataa, maziwa wametuma. Hawa watu wametupenda ama wametufukuza?"

Nilimeza tonge, nikaingia kazini. Nikawaeleza kwamba Biblia haikuandikwa ikiwa kitabu kimoja. Ilikuwa magombo na barua, kila moja na mwandishi wake na mahali pake, na makanisa ya kwanza yalikuwa yakisomeana, yakinakiliana na kupelekeana. Ilichukua vizazi vingi kukubaliana juu ya orodha. Injili nne na barua nyingi za Paulo zilikubalika mapema karibu kila mahali. Vingine, kama Ufunuo, vilibishaniwa sana. Hivyo saba ni maandishi ya Wayahudi ambayo Wakristo wa kale waliyasoma kwa Kigiriki. Walimu wengine waliyapenda, wengine waliyatilia shaka, na kanisa lilipogawanyika kule Ulaya, Waprotestanti wakayaondoa kwenye hesabu.

Mzee Ombati, baba yake Dennis, aliweka tonge chini. Sasa macho yake yakawaka.

"Kwa hivyo si sisi tuliongeza. Ni wao walipunguza!"

"Mzee, nakuomba. Hiyo usiseme Jumamosi."

"Nitasema polepole."

"Baba Dennis!" mkewe akamkemea. "Unataka mke wa mtoto ama unataka kushinda kesi?"

Mzee Ombati alifikiri juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Niliondoka kesho yake asubuhi na ile Biblia ya ngozi pamoja na mkungu wa ndizi ambao sikuruhusiwa kuukataa.

Litein, nikingoja mvua

Litein mvua ilikuwa imefika kabla yangu. Waliniambia barabara ya kupanda Kimulot ilikuwa tope tupu, na gari langu halingefika hata kwa maombi. Nikaliacha kwenye kituo cha mafuta, nikajibanza chini ya veranda ya duka nikiwa na Biblia tatu na mkungu wa ndizi. Muda si muda nilikuwa na wateja.

"Hiyo ya ngozi unauza?" aliuliza mama wa nyanya.

"Siuzi, mama."

"Basi umesimama hapo ya nini?"

Mwendesha boda mmoja, kijana mwenye gamboti zilizokatwa juu, alizipima zile Biblia kwa macho akatoa uamuzi. "Orijino ni ile ya zipu. Hii yako haina zipu, pasta. Hii ni ya kutafsiri."

Nilianza kumweleza kwamba hakuna mtu yeyote leo mwenye karatasi yenyewe aliyoandika Paulo kwa mkono wake. Tulicho nacho ni nakala za nakala, nyingi mno, na wataalamu huzilinganisha. Kwamba nakala hizo zinatofautiana mahali pengi, lakini sehemu kubwa ya tofauti ni mambo madogo, neno kurukwa au mpangilio kubadilika. Alinisikiliza kwa huruma.

"Kwa hivyo hata nyinyi mapasta hamna ya zipu," akasema, akawasha pikipiki akaenda.

Litein hadi Kimulot, juu ya lori la majani

Dereva wa lori la kukusanya majani ya chai alinihurumia, au alizihurumia ndizi. Nilikaa mbele kando yake. Lori la chai halina haraka: husimama kila kituo cha kununulia, na kila kituo wakulima wamemwaga majani wanayachambua, majani mawili na chipukizi, wakitupa yaliyokomaa kabla karani hajayaona.

Katika kituo kimoja tulikaa sana kwa sababu karani alikuwa amekataa gunia la mama mmoja, na mama huyo alikuwa amekataa kukataliwa. Nilishuka kunyoosha miguu. Wakulima wakaona Biblia, wakaniuliza ninahubiri wapi. Nikawaeleza shida ya mjomba, na hapo nikapata mfano ambao niliona ni wa busara mno.

"Ni kama nyinyi mnavyochambua," nikasema, nikiokota jani. "Maandishi yalikuwa mengi. Kanisa halikuyaumba majani. Lilichambua, likasema hili zuri, hili limekomaa."

Wote wakageuka kumtazama karani, aliyekuwa ameshika lile gunia la mama.

"Kwa hivyo Biblia ilichaguliwa na karani?" aliuliza mzee mmoja.

"Si karani hasa..."

"Karani kama huyu?"

"Huyu ambaye jana alikataa yangu na leo amechukua ya shemeji yake?" mama wa gunia akapaza sauti. "Basi hata mimi naacha kusoma!"

Karani akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye nilikuwa nimemletea majani yaliyokomaa. Dereva alipiga honi, na kwa mara ya kwanza maishani nikapanda lori mbio.

Kimulot, siku ya Alhamisi

Mjomba alinipokea vizuri. Mkewe, Mama Chelang'at, alinipa chai na mursik kwa pamoja, jambo ambalo tumbo linalijadili mpaka leo. Biblia ya mjomba ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama redio iliyoharibika. Nilipoiona hivyo nilielewa kwamba Chelang'at hakutia chumvi. Mzee huyu alikuwa ameisoma kila asubuhi maisha yake yote ya utu uzima.

"Sema yote," akaniambia. "Usinifiche kama mgonjwa."

Nikasema yote. Na hapo ndipo ujinga wa msomi hujionyesha, kwa sababu "yote" ni neno la adabu tu. Nilieleza orodha, nikaeleza nakala, na kwa kutaka kuonekana mkweli kabisa nikataja kwamba ile habari ya mwanamke aliyefumaniwa, ambaye watu walitaka kumpiga mawe, haimo katika nakala za kale kabisa za Injili ya Yohana. Inaonekana iliingia baadaye.

Mama Chelang'at aliweka birika chini.

"Yule mama?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yule Yesu aliandika chini na kidole?"

"Huyo."

"Umetoka Nairobi na lori kuniondolea yule mama?" Akaingia jikoni. Tulisikia sufuria zikiwekwa mahali pake kwa kishindo.

Mjomba alinitazama. "Unaona," akasema taratibu. "Ukivuta uzi moja, sweta inakwisha."

Sasa nilikuwa nimeharibu ndoa na nyumba. Nikatapatapa kutafuta mfano wa pili, na ukanijia mzuri kuliko wa majani. Mnajua kimanagan, au labda hamjui: ni desturi yetu ya kumpelekea rafiki au shemeji wa mbali ng'ombe wako amtunze. Yeye anakunywa maziwa. Ng'ombe na ndama wake wanabaki wako. Ugonjwa ukiingia kwako, haumalizi mali yako yote. Na mtu akitaka kukudhulumu, itabidi apite kila boma ulikoweka ng'ombe.

"Nakala za Biblia zilikaa hivyo," nikasema. "Nyingine Misri, nyingine Shamu, nyingine Roma. Hakuna mtu mmoja angeweza kuzibadilisha zote kwa siri. Mjomba, chukua mfano wa yule ng'ombe ambaye baba yangu alimwacha hapa."

Mjomba akaacha kutafuna.

Mama Chelang'at akatokea mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

"Kumbe," akasema mjomba. "Kumbe ndiyo maana umekuja."

Niache niwaeleze. Kwetu mtu haji kudai ng'ombe wa kimanagan kwa kusema amekuja kudai ng'ombe. Hizo ni tabia za polisi. Mtu mwenye adabu anaanza mbali. Anazungumzia mvua, anazungumzia kanisa, halafu chai ikikaribia kwisha anamtaja yule ng'ombe, kama mfano tu. Mwenye nyumba anaelewa. Na katika historia yote ya Wakipsigis hakuna mdai aliyewahi kuanza mbali kama mimi: nilianzia Yerusalemu.

"Mjomba, ni mfano!"

"Ndiyo. Mfano. Hata baba yako alikuwa na adabu hiyo." Hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia, maana ni mwaminifu na alidhani nilimshuku. "Kesho asubuhi tutaita wale waliona. Siwezi kusimama Jumamosi kupokea ng'ombe ya Ombati na yako iko hapa haijasemwa."

Kimulot, siku ya Ijumaa

Walikuja wawili: jirani aitwaye Arap Too, fundi wa viatu, na bibi mzee tunayemwita Kogo Rael, dada mkubwa wa mjomba. Wa tatu alikuwa mama yangu mzazi, kwa simu, sauti ikiwa imefunguliwa na simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari.

"Baba yako alikuja siku ya mvua," alisema Arap Too. "Amebeba viatu kwa mkono, viatu vizuri vya kahawia. Ng'ombe ilikuwa nyekundu."

"Mvua gani?" akasema Kogo Rael. "Ilikuwa kiangazi, nyasi imeisha. Na haikuwa nyekundu, ilikuwa ya rangi ya udongo, na tumbo nyeupe. Pembe moja ilikuwa imepinda."

"Imepinda, ndiyo," akakubali Too.

"Alitembea na ndugu yake," ikasema simu. "Hakuwa peke yake. Na ile pembe ilipinda ikiwa kwangu, ilijigonga kwa mlango."

"Mimi niliona mtu mmoja," akasema Too.

"Uliona viatu!" akasema Kogo Rael.

Mimi niliona mlango wa kutokea. Sikutaka ng'ombe, ninaishi ghorofa ya nne. Nikasimama kama wakili. "Mjomba, ushahidi umepingana. Huyu anasema mvua, huyu kiangazi. Mtu mmoja, watu wawili. Nyekundu, udongo. Hawa hawaaminiki. Tuseme hakukuwa na ng'ombe, tunywe chai."

Mjomba akapiga meza mpaka mama yangu akaanguka kifudifudi ndani ya sukari.

"Ulisomea wapi wewe? Kama hawa watatu wangesema neno kwa neno, ningejua walikutana jana kwa Too wakapanga! Too ameona viatu kwa sababu yeye ni mtu wa viatu. Rael ameona tumbo kwa sababu ndiye alikuwa anakamua. Mama yako anakumbuka ndugu kwa sababu ndiye aliwafungia chakula. Mvua wanaweza kukosea. Lakini wote wanasema baba yako alikuja, na ng'ombe ya pembe imepinda ikaingia kwa hiyo mlango. Ng'ombe ilikuja! Hakuna mtu ananiambia haikukuja!"

Mama Chelang'at, ambaye hakuwa amenisemesha tangu jana, akaenda kwenye kabati, akaondoa kile kitambaa cha kufuma, akaiweka Biblia mbele ya mumewe.

"Joel," akasema. "Hayo maneno umesema, sema tena. Lakini uambie hii."

Mjomba aliivuta karibu. Midomo yake ilitembea kidogo. Nadhani alikuwa akizihesabu Injili: mmoja anaona hivi, mwingine anaona vile, mlango ni ule ule.

"Na yule mama yangu?" akauliza mkewe, sauti ikiwa imeshuka. "Yule ameondolewa?"

Nilifungua mdomo. Mjomba akaninyamazisha kwa mkono.

"Unakumbuka ile ng'ombe ilifuata zetu kutoka Sotik," akamwambia mkewe. "Hatujui ya nani. Tuliuliza kila mtu. Mtu akiuliza, tunasema ukweli: hii ilikuja nyuma, na zingine. Lakini tuliifukuza?"

"Hatukufukuza."

"Chelang'at alikunywa maziwa ya nani?"

"Ya hiyo."

"Basi."

Mama Chelang'at alipangusa macho kwa ncha ya leso, akanimwagia chai. Ilikuwa chai ya kusamehewa, yaani ilikuwa na sukari nyingi kuliko chai.

Nikamwuliza mjomba kwa woga kuhusu vile saba.

"Ombati aje," akasema.

Koito

Walikuja Jumamosi, Mzee Ombati akiwa amebana midomo kwa juhudi iliyoonekana kutoka barabarani. Wazee walipokaa, mjomba alisimama na ile Biblia ya ngozi mkononi. Chelang'at alikuwa mlangoni na dada zake. Sikuweza kumtazama.

"Hii zawadi siwezi kuchukua," alisema mjomba, na nikasikia Mama Dennis akivuta pumzi. "Zawadi ikiingia kwangu inakuwa yangu, na hii saba si yangu. Kanisani kwangu sitaisoma. Lakini kwetu kuna kimanagan. Hii ni ng'ombe ya Ombati. Itakaa kwangu, nitaitunza, nitakunywa maziwa. Na hii ni yangu." Akatoa ile Biblia yake ya zamani, iliyochakaa pembeni. "Itakaa Kapsoit. Siku mtaona nimebadilisha kitu kwa yenu, mtakuja kuniuliza. Na mimi nitakuja kuuliza yangu. Kwa hivyo itabidi tutembeleane."

Mzee Ombati aliipokea kwa mikono miwili. Alifungua midomo yake hatimaye, na nikajiandaa kwa lile la kupunguza.

"Hata kama ina mapungufu," akasema, "tutaitunza."

Mkewe alimkanyaga mguu. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwita Chelang'at, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akaomba kwa Kipsigis, kwa muda mrefu, bila kuangalia popote kwenye karatasi.

Ng'ombe wangu wapo. Ni watatu, kizazi cha yule wa pembe iliyopinda. Wanabaki Kimulot, na maziwa ni ya mjomba.

Juzi alinipigia simu mapema asubuhi. Alikuwa amefika katikati ya kile kimoja cha vile saba, cha kijana anayesafiri kwenda nchi ya mbali na kurudi na mke.

"Kuna mbwa hapa," akasema. "Wakiondoka, mbwa anawafuata. Wakirudi, mbwa yuko. Katikati hakuna mtu anamtaja. Nani alikuwa anampa chakula?"

"Sijui, mjomba."

"Hiyo ndiyo imenifanya niamini. Mtu wa kutunga uongo hawezi kukumbuka mbwa."

Wataalamu wengi hukichukulia kitabu kile kuwa hadithi ya kufundishia. Nilikuwa na hoja zao zote mdomoni, kwa mpangilio. Nikamwuliza kama mvua inanyesha.